Gia ya Tatu

Selika hii ni ya mwaka themanini na nne,
ina milango miwili na kelele za watu wanne.
Mjomba Ndelamio aliinunua kwa pesa ya kahawa
enzi kahawa ikiwa na pesa,
akaniachia pamoja na deni la bima
na mkono wa gia unaocheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kuipata ya tatu ilikuwa ibada.
Unasukuma, unapapasa,
mgeni anayetafuta swichi kwenye chumba cha gesti,
kumbe umeingiza ya tano,
na gari linakufa katikati ya mlima wa Kibosho.
Vijana wa bodaboda: "Ticha, shuka tukusukume!"
Nikashuka. Mara tatu, muhula mmoja.

Basi Jumamosi ya Juni, Pasua, uani,
baridi ya kuvaa soksi mbili,
nikang'oa raba, nikafungua boliti nne
(ya nne ilitoka na nyuzi zake),
nikafika kwenye kile kifuniko
cha kubonyeza kwanza ndipo uzungushe,
kama cha chupa ya dawa inayofichwa watoto.
Elirehema wa jirani alishika tochi ya simu
akamulika kila mahali
isipokuwa ninapotazama.

Mkono ukatoka na grisi nyeusi ya miaka arobaini.
Mwisho wake, bushi:
ilikuwa nyeupe siku za ujana,
sasa rangi ya chai ya jana, vipande vitatu.
Kumbe mjomba miaka yote
alikuwa akibadili gia kwa imani tu.

Dukani hakuna. Mjini hakuna.
Nikatazama jikoni.
Kibao cha mama cha kukatia mboga ni plastiki ngumu,
nikakikata pembe kwa msumeno,
nikaipiga msasa hadi ikaizunguka ncha bila kulegea.
Nilisema nitamnunulia kingine.
Bado sijanunua.

Mkono wenyewe sikuurudisha. Nilitaka mpya, mfupi.
Nikaupeleka wa zamani kwa Fundi Mshiu, Majengo,
awe kipimo tu.
Nikamwambia: juu ya gololi punguza, chini yake ongeza.
"Milimita ngapi?"
Kumi na tano.
Akafuta miwani kwa shati lililo chafu kuliko miwani.
"Kumi na mbili. Ukifupisha safari, mzigo unazidi."
Mimi ninayefundisha nyenzo kidato cha pili
kwa rula na kifutio,
nikanyamaza kama mwanafunzi wa nyuma.

Kirungu nilikichonga mwenyewe
kwa mti wa mbuni, ule wa mwisho wa mjomba,
uliong'olewa kupisha migomba.
Mgumu. Ulivunja keki mbili za drili.
Nikaupaka mafuta ya nyonyo
ukatoa rangi niliyoijua, sikukumbuka wapi.

Saa kumi na moja jioni nikawasha.
Mlima ulijifunika, haukutaka kushuhudia.
Ya kwanza. Ya pili.
Nikaenda kuitafuta ya tatu kama nilivyozoea,
bega mbele, kiwiko nje, pumzi nimeibana,
tak,
iliingia kabla sijamaliza kuomba,
na kiganja kikaendelea peke yake
kikagonga redio.

Nilicheka. Halafu sikucheka.
Ule mwendo wa bega haukuwa wangu.
Nilikuwa naukumbuka kutoka kiti cha abiria,
miguu haifiki chini,
mtu mwenye harufu ya mbuni mbichi
akiegemea mbele kana kwamba anamnong'oneza mtu jambo.

Kibosho tulipanda kwa ya tatu hadi kanisani.
Bodaboda hawakusema kitu,
mmoja alinyanyua kidole gumba.
Mkono mpya ni mzito, Mshiu alisema kweli,
kifundo kinauma hadi leo nikishika chaki.

Ule wa zamani niliuweka kibarazani
niufikirie.
Mama hakuwa na la kufikiri.
Asubuhi niliukuta mlangoni pa banda la kuku,
umepita kwenye pete mbili za waya,
komeo.
Haulegei hata kidogo.